Nusu au tezi nzima: nilivyoamua upasuaji wa saratani ya tiroidi nikiwa Bukavu

Kivimbe changu kilikuwa cha sentimita 2.3, katika lobo (nusu) ya kulia ya tiroidi, tezi iliyo mbele ya shingo, na jibu la sindano lilisema saratani ya papilari, aina iliyo ya kawaida zaidi. Kwa ukubwa huo kuna njia mbili zinazokubalika: kutoa lobo moja pamoja na istimasi, yaani kipande chembamba kinachounganisha lobo mbili mbele ya bomba la hewa, au kutoa tezi nzima. Mwongozo wa chama cha madaktari wa tiroidi cha Marekani wa mwaka 2015 uliziruhusu zote mbili kwa uvimbe wa sm 1 hadi 4, mradi haujapenya nje ya tezi na haujaonekana kwenye mitoki (tezi za limfu) ya shingo. Chini ya sm 1 lobo moja inatosha, na hospitali ya Kuma huko Kobe, Japani, tangu 1993 imekuwa ikiwafuatilia baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo kwa ekografia (ultrasound) tu, bila kisu. Juu ya sm 4, au uvimbe ukiwa umeshika misuli, au mitoki ikiwa imeingiliwa, tezi nzima hutoka na mjadala hauna nafasi. Mimi niliangukia katikati.

Kazi yangu ni ya maabara, kwa hiyo karatasi za majibu hazikunitisha. Swali lilikuwa jinsi ya kuutumia mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya miji yenye kila kitu, wakati mtu anaishi Bukavu, mashariki ya Kongo, ambako vidonge vingi huingia kwa kuvuka Ruzizi, mto wa mpaka na Rwanda, na iodini ya mionzi, dawa ya kuua mabaki ya tezi, haipatikani mjini. Nilichagua nusu. Hesabu yangu ilikwenda hivi.

Kwanza ekografia. Ripoti nyingi za shingo huandika ukubwa wa kivimbe zikaishia hapo, na kwa ripoti ya namna hiyo hakuna anayeweza kuamua lolote. Niliomba kipimo kirudiwe, nikaenda na karatasi inayotaja ninachotaka kuandikiwa: vipimo vitatu vya kila lobo na vya kila kivimbe, daraja la EU-TIRADS (ngazi ya Ulaya ya kupima shaka ya saratani), kama kivimbe kimegusa ganda la tezi na upande gani, hali ya lobo ya pili, na mitoki ya shingo pande zote mbili. Upande wa nyuma una uzito wake, kwa sababu neva ya sauti hupita huko; kivimbe kilichoegemea nyuma kinamtaka mpasuaji ajiandae tofauti na kilichotazama mbele kwenye misuli. Kuhusu mitoki, usikubali neno "hakuna" peke yake. Mtoki wa shingo wa kawaida uko kwa kila mtu. Wa kutiliwa shaka ni ule uliopoteza kitovu chake cha katikati, wenye vitone vya chokaa, wenye sehemu za maji, au wenye damu inayozunguka pembeni badala ya kuingilia katikati. Ripoti iseme kwamba alama hizo zimetafutwa. Na ikumbukwe kwamba mitoki iliyo nyuma ya tezi yenyewe ekografia huiona kwa shida kabla ya upasuaji, hivyo mpasuaji naye lazima apapase na kuangalia akishafungua.

Lobo ya pili ndiyo swali kubwa la kwetu Kivu, na miongozo ya ng'ambo hulipita haraka. Rovu, yaani tezi hii kuvimba, ni ugonjwa wa zamani wa eneo hili. Katika miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, waligundua kwamba kaskazini ya kisiwa ilikuwa na rovu nyingi kuliko kusini-magharibi, ingawa uhaba wa iodini ulikuwa ule ule pande zote mbili. Tofauti ilihusishwa na mihogo, ambayo isipoandaliwa vizuri huacha mwilini kemikali inayozuia tezi kushika iodini kidogo iliyopo. Leo chumvi ina iodini, lakini shingo za watu wazima wengi bado zina vivimbe vya miaka hiyo. Kwa hiyo mgonjwa wa hapa anaweza kuwa na saratani ndogo kulia na vivimbe vitatu kushoto. Kumwachia lobo hiyo ni kumwachia ekografia za wasiwasi kila mwaka na pengine upasuaji wa pili ndani ya kovu. Lobo yangu ya kushoto ilikuwa safi, sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ingekuwa na kivimbe cha kufikia kiwango cha kuchomwa sindano, ningekichoma kabla ya kuamua chochote: kwa EU-TIRADS, daraja la 3 huchomwa kikizidi mm 20, la 4 kikizidi mm 15, la 5 kikizidi mm 10. Na ingekuwa rovu yenye vivimbe vingi pande zote, ningesema tezi nzima itoke, nisipoteze usiku wowote kwa kuwaza.

Sindano yenyewe huharibika kwa njia ambazo mgonjwa haambiwi. Inayofaa ni nyembamba, 25G au 23G (namba za unene wa sindano), ikiongozwa na ekografia, kuchoma mara mbili hadi tano. Nene huleta damu, na damu ikiganda kwenye sindano seli hunaswa humo. Sampuli itandazwe nyembamba. Vioo vya kupakwa rangi ya Papanicolaou viingie alkoholi ya 95% papo hapo, sekunde chache tu zikipita seli huanza kukauka na viini vyake huvimba visisomeke. Vile vya rangi ya Giemsa, kinyume chake, vikaushwe hewani. Ili jibu lihesabike, kioo kiwe na walau makundi 6 ya seli, kila kundi seli 10 au zaidi. Pungufu ya hapo ni Bethesda I, daraja la kwanza kati ya sita ya kusomea jibu la sindano, maana yake kipimo kirudiwe. Watu wengi hulisoma jibu hilo kama "hakuna kitu" na kurudi nyumbani wamefurahi.

Jibu langu lilikuwa Bethesda VI, yaani saratani, jibu ambalo hukosea kwa nadra sana. Ila penye uhaba wa iodini aina ya folikula, saratani nyingine ya tezi hii, huwa na sehemu kubwa zaidi kuliko kwingine, kwa hiyo wengi wa kwetu hupewa Bethesda IV, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Sindano haiwezi kutenganisha uvimbe wa folikula usio na madhara na saratani ya folikula, kwa kuwa kinachoitambulisha saratani ni kupenya ganda au kuingia mishipa ya damu, na seli zilizonyonywa kwa sindano hazionyeshi ganda wala mshipa. Mtu wa Bethesda IV hajaambiwa ana saratani. Kwake lobo moja ndiyo kipimo chenyewe, na kukubali tezi nzima itolewe kwa jibu hilo pekee ni kulipa deni ambalo huenda hadaiwi.

Kipimo kimoja cha damu kinaweza kufuta mjadala wote: kalsitonini. Ikiwa juu sana, unaelekea saratani ya medula, ambayo hutoka kwenye seli nyingine, haishiki iodini, na inatakiwa tezi nzima pamoja na mitoki ya katikati ya shingo, tena baada ya kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye tezi za juu ya figo. Sampuli ya kalsitonini haivumilii joto. Damu isafishwe upesi na seramu isafiri ikiwa imegandishwa, la sivyo namba hushuka na kukudanganya. Pamoja nayo nilipima TSH (homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi), kalsiamu na albumini, nipate mahali pa kulinganishia baadaye. Na nilipita kwa daktari wa koo aniangalie nyuzi za sauti. Watu hukipuuza kipimo hicho kwa kuwa sauti yao ni nzuri. Uzi mmoja unaweza kulala bila sauti kubadilika sana, na ukijulikana umelala kabla ya kisu, mpango wote hugeuka.

Sasa takwimu. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 52,173 wa papilari: kwa uvimbe wa sm 1 na kuendelea, waliotolewa tezi nzima waliishi vizuri kidogo kuliko waliotolewa lobo, asilimia 98.4 dhidi ya 97.1 kwa miaka 10. Kwa miaka kadhaa karatasi hiyo ndiyo iliyotoa tezi za watu. Mwaka 2014 timu nyingine ilirudi kwenye hazina ile ile ya takwimu, wagonjwa 61,775 safari hii, ikazingatia magonjwa mengine ya mtu na jinsi uvimbe ulivyoenea, na tofauti ikayeyuka kwa uvimbe wa sm 1 hadi 4. Kwangu mimi jambo lilikuwa wazi: tofauti ya 2007 ilitokana na nani alikatwa nini, na kisu chenyewe kilikuwa na mchango mdogo. Umri nao uliniweka sawa. Katika upangaji wa hatua unaotumika tangu 2018, mwenye papilari aliye chini ya miaka 55 na asiye na saratani sehemu za mbali za mwili yuko hatua ya kwanza, hata kama mitoki imeguswa.

Yaya wangu wa kwanza, yaani ndugu yangu mkubwa, alikuwa na hoja ambayo kila familia hapa itaitoa: "Kama ni kansa, waondoe yote, imalizike." Nilimjibu kwamba kutoa yote hakumalizi, kunaanzisha mambo mengine, na nikamwandikia hesabu ya kidonge.

Asiye na tezi hunywa levotiroksini, homoni ya tezi katika kidonge, kila siku hadi mwisho wa maisha, takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 62 anahitaji karibu mikrogramu 100. Ni vidonge 365 kwa mwaka, vya aina moja, visivyopigwa jua. Hunywewa kwa maji tupu nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na kalsiamu au vidonge vya damu vyenye chuma vikae mbali kwa saa nne, kwa sababu huikamata dawa tumboni. Ukibadilisha kiwanda, TSH ipimwe upya baada ya wiki 6 hadi 8. Ufaransa waliliona hilo mwaka 2017 Levothyrox ilipobadilishiwa viambato, laktosi ikaondolewa na kuwekwa manitoli na asidi ya sitriki, na maelfu ya watu wakalalamika. Kwetu duka la dawa hubadilisha kiwanda bila tangazo, kulingana na mzigo ulioingia. Ukikosa dawa siku mbili hutaona kitu, maana nusu yake bado imo mwilini baada ya wiki moja hivi. Ukikosa miezi miwili, mwili unapoa, uso unavimba, moyo unazubaa. Theodor Kocher wa Bern aliwaona watu wa namna hiyo katika wagonjwa wake mwenyewe aliokuwa amewatoa tezi nzima kwa sababu ya rovu, akaieleza hali hiyo mwaka 1883, akaacha kutoa tezi zote kwa rovu. Tuzo ya Nobel aliyopewa 1909 ilikuwa kwa kazi ya tezi hii. Wakati wake kidonge hakikuwepo. Wakati wetu kipo, ila kinapita mpakani, na mpaka hufungwa.

Kwa mwanamke anayeweza kupata mimba kuna jambo la ziada: mahitaji ya kidonge hupanda kwa robo hadi nusu tangu wiki za mwanzo, wakati mimba nyingi bado hazijajulikana, na anayetegemea dawa peke yake lazima apimwe TSH mara tu anapohisi.

Halafu kalsiamu. Nyuma ya tezi kuna vitezi vinne vya paratiroidi, kila kimoja kama punje ya mchele, vyenye damu ya mshipa mwembamba sana. Katika upasuaji wa tezi nzima vyote vinne viko hatarini. Hata mikononi mwa wazoefu, karibu mtu mmoja kati ya wanne hupata kalsiamu ya chini kwa muda, na wachache, asilimia 1 hadi 3, hubaki nayo daima. Kwa wasio wazoefu idadi huongezeka. Ganzi na michomo kuzunguka mdomo na kwenye ncha za vidole ndiyo dalili ya kwanza, kisha mikono hukakamaa. Tiba ni kalsiamu gramu 1 mara tatu kwa siku pamoja na alfakalsidoli au kalsitrioli (aina za vitamini D), na kalsiamu ya damu ikishuka chini ya 1.9 mmol/l au mtu akikakamaa, glukoneti ya kalsiamu ya 10%, ml 10 hadi 20, kwa mshipa, polepole, dakika 10, moyo ukiangaliwa. Kabla ya kukubali tezi nzima mahali popote, uliza kama dawa hizo ziko kwenye kabati la wodi siku hiyo na kama maabara hupima kalsiamu usiku. Mimi niliuliza nikijua jibu. Ukitoa lobo moja, vitezi viwili vya upande wa pili havijaguswa na hatari hiyo karibu inatoweka.

Faida za tezi nzima nazo nilizipima kwa haki. Ya kwanza ni iodini ya mionzi, ambayo haifanyi kazi kama nusu ya tezi imebaki, kwa sababu hiyo nusu itaimeza yote. Ya pili ni kipimo cha tiroglobulini, protini inayotengenezwa na tezi, ambacho husomeka vizuri tezi ikiwa haipo. Ya tatu ni kuepuka upasuaji wa pili. Iodini ndiyo iliyoniamulia. Kwa mtu wa Bukavu ni safari ya Nairobi, Dar es Salaam, Afrika Kusini au India. Kabla yake anaacha levotiroksini wiki 3 hadi 4 ili TSH ipande kupita 30, anakula chakula chenye iodini kidogo wiki moja au mbili (sambaza, dagaa wa Kivu, ni wa maji baridi, tatizo ni chumvi ya dukani na samaki wa bahari), na anasafiri akiwa katika uchovu wa kukosa homoni. Anayenyonyesha aache wiki 6 kabla, na mimba ingoje miezi 6 hadi 12 baadaye. Yote hayo ningeyakubali kama yananunua uhai. Lakini mwaka 2022 utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 776 wa hatari ndogo, wote wakiwa wametolewa tezi nzima, uligawanya watu mafungu mawili, wengine wakapewa milikyuri 30 za iodini, wengine wakafuatiliwa tu. Baada ya miaka mitatu matokeo yalikuwa sawa, karibu 96 kati ya 100 pande zote mbili bila tukio lolote. Kama mtu wa hatari ndogo haihitaji iodini, basi sababu kubwa ya kutoa tezi nzima imeanguka.

Nikaja kwa mpasuaji. Swali linalomhusu halipo kwenye ekografia wala kwenye damu, na watu huona haya kuliuliza.

"Docta, kwa mwaka unafungua shingo ngapi za tiroidi?"

"Nyingi ni za rovu, mama. Saratani ni chache. Kwa jumla zinapita thelathini."

"Na neva unaitafuta kila mara?"

"Kila mara. Nisipoiona sikati kitu."

Majibu hayo mawili yalinitosha. Utafiti wa Marekani wa 2017 ulionyesha matatizo yanapungua kwa wapasuaji wanaozidi tezi 25 kwa mwaka, na rovu zinahesabika, mikono ni ile ile. Mashine ya kusikiliza neva ni nzuri ikiwepo, lakini kuiona neva kwa macho ndiko msingi. Neva ikijeruhiwa upande mmoja, sauti inakwaruza na maji yanapotea njia. Pande zote mbili, nyuzi hufunga njia ya hewa na mtu hutobolewa koo apumue. Upasuaji wa lobo moja hauwezi kuleta balaa hiyo ya pili, mradi uzi wa upande mwingine ulikuwa mzima. Waimbaji wa korali wana neva nyingine ya kuulizia, ile inayopita karibu na mishipa ya ncha ya juu ya lobo: ikikatwa, sauti ya kuzungumza hubaki lakini noti za juu hazirudi. Kinga yake ni kufunga mishipa hiyo mmoja mmoja, hapo hapo kwenye tezi, bila kubana fungu zima.

Tuliandikiana mpango kwenye karatasi ya ridhaa, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo. Atoe lobo ya kulia yote na istimasi. Asing'oe kivimbe peke yake akaacha lobo; huo si upasuaji wa saratani. Asiache vipande pande zote mbili kama ilivyokuwa desturi ya rovu, kwa kuwa njia hiyo inakupa makovu ya tezi nzima na mabaki ya nusu kwa pamoja, na atakayelazimika kurudi humo baadaye atakulaani. Mitoki ya katikati isisafishwe bila sababu, kwa sababu kufanya hivyo huhatarisha paratiroidi. Akikuta uvimbe umeshika misuli au mtoki wa kutiliwa shaka, ana ruhusa ya kutoa tezi nzima, lakini aanze kulia, na kama neva ya kulia ina mashaka yoyote asiguse kushoto siku hiyo. Kushoto kunaweza kungoja.

Sehemu iliyobaki ni chupa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi nzuri ya mpasuaji hufia. Uamuzi wa nusu ni uamuzi wa muda hadi anapati (uchunguzi wa nyama kwa hadubini) isomwe, na sampuli yangu ilikuwa inasafiri hadi Kigali. Formalini inayotakiwa ni ya 10%: sehemu moja ya formaldehidi ya dukani ya 37 hadi 40% kwa sehemu tisa za maji yenye bafa. Wingi wake uwe mara kumi ya nyama. Lobo ya gramu 20 inataka ml 200. Chupa iwe ya mdomo mpana, kwa maana nyama ikishagumu haitoki kwenye mdomo mwembamba bila kuchanwa. Formalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa mwanzoni, kwa hiyo isubiri saa 24 hadi 48 kabla ya kukatwa, na isisahauliwe wiki kadhaa, rangi za pekee hazitashika tena. Jina liandikwe kwenye chupa, vifuniko hubadilishana. Uzi mmoja ufungwe ncha ya juu ili msomaji ajue juu na chini. Na mpasuaji ajizuie kuipasua mezani kwa hamu ya kuona, kwani ganda likichanwa kwa kisu msomaji hawezi tena kusema kama saratani ndiyo iliyolipenya.

Ripoti itakayorudi iwe na aina ndogo ya papilari, ukubwa, kingo, mishipa ya damu iliyoingiliwa na idadi yake, na kama uvimbe umetoka nje kwa kuonekana kwa macho au kwa hadubini tu. Huo wa hadubini hauhesabiki tena kupandisha hatua tangu 2018. Seli ndefu, mishipa mingi, au mitoki zaidi ya mitano yenye saratani hufanya lobo ya pili itolewe. Wapasuaji wengi huingia ama ndani ya wiki ya kwanza ama baada ya miezi mitatu hivi, kovu likilegea. Kwa kuwa jibu letu huchelewa, hesabu ya pili ndiyo yetu, na nyuzi za sauti huangaliwa tena kabla. Kuna pia jibu zuri ambalo wengi hawalijui: uvimbe wa folikula wenye viini vya kipapilari, ulio ndani ya ganda lake usilipenye, tangu 2016 umeondolewa jina la saratani.

Usiku wa kwanza hatari ni damu kuvujia shingoni, kama mtu mmoja kati ya mia, mara nyingi katika saa sita za mwanzo. Shingo hubana, mtu hahemi vizuri, hatulii. Mrija wa kutolea damu hauzuii. Kinachookoa ni kufungua nyuzi za mshono pale pale kitandani, kabla ya kumkimbiza chumba cha upasuaji. Niliomba mkasi na kibanio viwekwe kwenye kisahani kando ya kitanda, bandeji iwe nyembamba ili shingo ionekane, muuguzi wa zamu aambiwe, na taa ya betri iwepo, kwa sababu umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, haungoji mtu apone.

Anapati ilisema papilari ya kawaida, sm 2.1, kingo safi, hakuna mshipa ulioingiliwa. TSH ya wiki ya saba ilikuwa 4.6. Kwa asiye mgonjwa wa saratani hapo wengi wangengoja. Kwangu lengo lilikuwa 0.5 hadi 2, tukaanza mikrogramu 50, na ikashuka hadi 1.4. Takriban mtu mmoja kati ya wanne au watano aliyetolewa lobo moja huishia kuhitaji kidonge, na kwa lengo la saratani ni wengi zaidi, kwa hiyo nusu si ahadi ya kutokunywa dawa. Tofauti ni kwamba duka likikaukiwa, lobo yangu inafanya sehemu kubwa ya kazi.

Ufuatiliaji ni ekografia ya shingo baada ya miezi 6 hadi 12, kisha kila mwaka, na TSH. Tiroglobulini baada ya lobo moja huwatisha watu bure: tezi iliyobaki huitengeneza, hivyo kuikuta si habari, na namba moja pekee haina maana. Inapimwa kwa maabara ile ile, mbinu ile ile, TSH ikiwa karibu sawa, na kinachotazamwa ni kama inapanda mwaka hadi mwaka. Lazima iambatane na kipimo cha antibodi zake, kwa kuwa zikiwepo huishusha namba kwa uongo. Kama maabara uliyotumwa haipimi antibodi hizo, weka pesa yako kwenye ekografia.